Barua ya wazi kwa wasimamizi wa utamaduni wa Wales: Mnalipia filamu, kanda zinaoza

Kwa: Waziri wa Serikali ya Wales mwenye dhamana ya utamaduni, Maktaba ya Taifa ya Wales iliyoko Aberystwyth, Amgueddfa Cymru (makumbusho ya taifa ya Wales), S4C (kituo cha televisheni cha Kiwelisi) na BBC Cymru Wales, na wasimamizi wote wa mifuko ya ruzuku za sanaa na urithi.

YAH: UTUNZAJI WA KAZI ZA STUDIO HURU ZINAZOREKODI URITHI WA WAWELISI NA WA WAROMANI

Waheshimiwa,

Tunaowaandikia ni mafundi wa sauti, wahariri wa picha na watunza kumbukumbu tunaozungumza Kiswahili na kufanya kazi na studio huru za Wales, zile ndogo za watu watatu au wanne, zinazorekodi urithi wa Wawelisi na wa Waromani, jamii ya wasafiri yenye lugha yake, Kiromani. Nakala za barua hii kwa Kiwelisi na Kiingereza mnazo. Hii ya Kiswahili tunaitoa hadharani kwa sababu wenzetu wa Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa wanashika kanda za aina zile zile na kujaza fomu za ruzuku za namna ile ile.

Dai letu ni moja: fedha ya umma inayolipia kurekodi ilipie na kutunza. Leo hailipii. Studio inapata ruzuku, inatoa filamu ya dakika 48, ripoti ya mwisho inapokelewa, faili la mradi linafungwa. Saa 60 za picha ghafi zilizobaki zinakaa kwenye diski mbili juu ya kabati la mhariri, na hakuna mstari wa bajeti unaozitaja. Baada ya miaka michache diski ya kwanza inagoma kuwaka. Ya pili inawaka, ila programu iliyotumika kuhariri haifunguki tena kwenye kompyuta mpya, na majina ya faili ni herufi na namba zilizotolewa na kamera.

Mtatuambia Wawelisi wana maktaba yao ya taifa, na makusanyo makuu ya Waromani yako Chuo Kikuu cha Liverpool, hivyo kila urithi una mlinzi wake. Basi tuangalieni kinubi cha safu tatu, telyn deires, chombo ambacho Wales yote inajivunia. Asili yake ni Italia, lakini kilishika mizizi Wales hadi kikaitwa kinubi cha taifa, kisha karne ya 19 kinubi cha kanyagio kikakisukuma pembeni. Walioendelea kukipiga ni pamoja na Waromani, ukoo wa Abram Wood, mpiga fidla aliyezikwa Llangelynnin mwaka 1799. John Roberts wa Y Drenewydd (1816–1894), aliyepewa jina la Telynor Cymru (mpiga kinubi wa Wales), alikuwa wa ukoo huo upande wa mama, na mwaka 1889 alimpigia Malkia Victoria kwenye jumba la Palé pamoja na wanawe. Nansi Richards (1888–1979), ambaye wapigaji wengi wa leo humtaja kama mwalimu wa walimu wao, alijifunza kwa wapiga vinubi Waromani. Eldra Jarman (1917–2000), kitukuu wa John Roberts, ndiye aliyewarithisha wengine mtindo wa familia hiyo. Mkilitenganisha kabati la Wawelisi na kabati la Waromani, kinubi hiki mtakiweka lipi?

Na hapa ndipo filamu peke yake haitoshi. Kinubi hiki kina karibu nyuzi 100 katika safu tatu. Safu mbili za nje zina noti zile zile, mkono huu na safu yake na ule na yake. Ya katikati ina noti za kupandisha na kushusha, na mpigaji hupenyeza kidole katikati ya nyuzi za nje kuifikia. Ufundi wake mkubwa ni noti moja kuchomolewa mara mbili mfululizo, safu ya kulia kisha ya kushoto, hata msikilizaji adhani kuna mwangwi. Anayerekodi kwa maikrofoni moja ameupoteza ufundi huo wote, kwa kuwa hakuna tena kulia wala kushoto. Inatakiwa jozi ya maikrofoni za kondensa zinazolingana, umbali wa mita 1 hivi, usawa wa katikati ya ubao wa sauti, na kila moja irekodiwe kwenye njia yake. Ukizichanganya papo hapo kuwa njia moja, mawimbi yanafika kwa nyakati tofauti na kuuana, na noti za juu zinasikika nyembamba. Taa ziwashwe angalau saa 1 kabla ya kukaza nyuzi, la sivyo joto na ukavu vinahamisha sauti za nyuzi za utumbo na mpigaji anaanza kukaza upya katikati ya kazi. Programu ya kusafisha kelele isiguswe kwenye nakala mama, yaani rekodi ya asili ambayo nyingine zote zinatokana nayo: inakula mkia wa noti, na kwenye kinubi mkia wa noti ni nusu ya muziki.

Studio nzuri inayafanya hayo yote. Kisha filamu inakata wimbo kwenye sekunde ya 40 kwa sababu msimulizi anaanza kusema. Wimbo mzima, na kuurudia kwake mara ya pili kwa mapambo tofauti, na mpigaji akieleza kidole gani kinaingia wapi, vyote vimo kwenye picha ghafi, na humo ndimo mwanafunzi wa mwaka 2060 atajifunzia. Ndizo hizo zilizo juu ya kabati.

Upande wa lugha mambo ni yale yale, ila hatari ni kubwa zaidi. Kiwelisi kina ulinzi: sheria ya mwaka 2011 ilikithibitisha kuwa lugha rasmi ya Wales, sensa ya 2021 ilihesabu wazungumzaji kama 538,000, na Serikali yenu imejiwekea lengo la kufikisha milioni 1 ifikapo 2050. Uingereza iliporidhia Mkataba wa Ulaya wa Lugha za Maeneo au za Wachache mwaka 2001, Kiwelisi kiliorodheshwa. Kiromani hakikuorodheshwa. Kiromani cha Wales chenye viambishi vyake vyote, kile ambacho John Sampson, mkutubi wa Liverpool, alikikusanya kwa wana wa ukoo wa Wood na kukichapisha Oxford mwaka 1926 kwa sarufi na kamusi, hakisikiki tena kama lugha ya kila siku. Kilichobaki kinapita ndani ya nyimbo, mizaha, majina ya farasi na vifaa, na maneno yanayochomekwa katika Kiingereza au Kiwelisi. Mambo hayo hayatoki kwa kuulizwa swali mbele ya kamera. Yanatoka chai ikimiminwa, kamera ikiwa bado inazunguka, na mhariri huyakata kwanza kuliko yote.

Sasa tazameni sheria inavyowaacha watu hewani. Kitabu kikichapishwa Uingereza, sheria inampa Mkutubi wa Aberystwyth haki ya kudai nakala. Kanuni za mwaka 2013 zikaongeza machapisho ya kidijitali, lakini rekodi za sauti na filamu zikaachwa nje. Kijitabu cha kurasa 12 kinachosindikiza filamu kina haki ya kuhifadhiwa; filamu yenyewe haina. Halafu mikataba ya utangazaji, kwa nia njema kabisa, huwaachia watayarishaji huru haki za kazi zao muda wa leseni ukiisha, na pamoja na haki hizo huwaachia mzigo wa kutunza nakala mama. Kampuni ndogo ikifutwa kwenye daftari la makampuni kabla ya kugawa mali zake, kilichobaki, hakimiliki ikiwemo, kinakwenda kwa Taji, yaani dola ya Uingereza. Mjukuu wa mwimbaji atakayetaka nakala ya sauti ya bibi yake itabidi aandikie ofisi ya wanasheria wa serikali huko London.

Tuje kwenye kanda zenyewe, maana kwenye vikao vya ruzuku neno "kudijitisha" hutajwa kana kwamba ni kubonyeza kitufe.

Kanda nyingi za sauti za robo inchi za miaka ya 1970 na 1980: gundi iliyoshika unga wa sumaku hunyonya unyevu, inalainika na kung'ang'ania vichwa vya mashine. Ukiicheza inapiga kelele, inasimama, na unga unabaki kwenye vichwa. Kinachofanyika ni kuioka kwa joto la nyuzi 50 hadi 55 za Selsiasi kwa takriban saa 8 katika tanuri la maabara linalodhibitiwa, kisha kuirekodi ndani ya wiki chache kabla unyevu haujarudi. Lakini kanda za zamani zaidi zenye mgongo wa asetati haziokwi kabisa; zinajikunja na kukatika. Asiyejua tofauti ataharibu kanda asubuhi moja. Njia ya kupima ni rahisi: inua rili mbele ya taa, asetati inapitisha mwanga, poliesta iliyopakwa haipitishi. Kisha kichwa cha kusomea kilingane na pembe ya kilichorekodi, kanda moja baada ya nyingine, kwa kusikiliza sauti za juu. Ukiruka hatua hiyo unapata sauti ya mtu aliyefunikwa blanketi, na hakuna programu itakayoirudisha. Rekodi inatunzwa katika 96 kHz na biti 24, ambayo kwa stirio ni karibu GB 2 kwa saa. Wasomaji wetu waliowahi kusikia habari za maktaba ya kanda ya iliyokuwa Radio Tanzania Dar es Salaam hawahitaji kuelezwa kwa nini kazi hii haingoji.

MiniDV, kanda ndogo ya video ya kidijitali, ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi, kwa sababu kila mtu anaidhani ni salama kwa kuwa ni ya kidijitali. Studio huru nyingi zilianza kazi na MiniDV. Njia za sumaku kwenye kanda hiyo zina upana wa mikroni 10 tu. Kamera ikiwa imewekwa LP, mwendo wa polepole, ili saa 1 iwe saa 1 na nusu, zinashuka hadi 6.7, na mara nyingi kanda haisomeki ila kwenye kamera ile ile iliyoirekodi. Kamera ile imeshauzwa. Hatari ya pili ni sauti: kwenye mpangilio wa biti 12, kamera inaweza kubeba njia nne, na anayenakili haraka anachukua jozi ya kwanza pekee. Mara nyingine jozi ya pili ndiyo yenye maikrofoni iliyokuwa karibu na mwimbaji. Ya tatu ni waya. Kanda hii inapaswa kunakiliwa kwa waya wa kidijitali wa FireWire, ambayo inahamisha data kama ilivyo, pamoja na tarehe na saa ya kila fremu, kwa GB 13 hivi kwa saa. Anayetumia waya wa manjano wa video anapata picha iliyofifia na tarehe zote zinapotea, na kompyuta mpya hazina tundu la FireWire. Kanda yenye mikwaruzo ichezwe mara tatu au nne kwenye mashine tofauti, kisha programu huria ya dvrescue ichague fremu nzima kutoka kila uchezaji na kuunda moja iliyo kamili. Kazi hii ni ya muda halisi: saa 1 ya kanda haipungui saa 2 za fundi, na yenye madoa inafika 5.

Mashine za DAT, kanda za sauti za kidijitali, Sony iliacha kuziunda mwaka 2005. Kanda za Betacam, za video ya utangazaji, iliacha kuziuza mwaka 2016. Wataalamu wa Australia walitangaza mapema kwamba baada ya 2025 kanda nyingi za sumaku hazitasomeka, kwa uchache wa mashine na mafundi. Mwaka huo umeshafika.

Hata kazi iliyozaliwa kwenye kadi ya kumbukumbu haijasalimika. Saa 60 za picha ghafi kwa GB 55 kwa saa ni TB 3.3, nakala tatu, mbili zikiwa kwenye vyombo vya aina tofauti na moja ikiwa mji mwingine, ni karibu TB 10. Kwa kanda za LTO, zile za kuhifadhia data za kompyuta, hilo si tatizo kubwa la fedha. Tatizo ni kwamba mashine ya LTO-8 haisomi LTO-6 wala LTO-5, kwa hiyo studio iliyohifadhi kwa uangalifu mwaka 2012 na kununua mashine mpya 2020 imejifungia nje ya ghala lake. Na nakala isiyo na cheksamu, namba inayokokotolewa kutoka faili ili kuonyesha halijabadilika, haiaminiki: pasipo orodha ya cheksamu za aina ya SHA-256 iliyotengenezwa siku ya kwanza na kukaguliwa kila mwaka, huwezi kujua faili limeharibika hadi siku unapolihitaji.

Kuhusu orodha na majina. Mifumo mingi ya kuorodhesha inaruhusu lugha moja kwa kila rekodi, na ikikosa hakika inaandika Kiingereza. Wimbo wenye ubeti wa Kiwelisi na kiitikio cha Kiromani unazikwa humo. Misimbo ipo: cym kwa Kiwelisi, rmw kwa Kiromani cha Wales, rme kwa Kiingereza kilichochanganywa na Kiromani. Waroma, ndugu wa Waromani, waliohamia Cardiff na Newport kutoka Slovakia na kwingineko Ulaya Mashariki wana lahaja zao zenye misimbo yao, na kuwarundika wote chini ya neno moja ni kumpotosha mtafiti. Ruhusuni lugha zaidi ya moja, na ziwekwe kwa dakika badala ya faili zima. Programu ya ELAN inafanya hivyo bila malipo, kila msemaji na mstari wake. Kisicho cha bure ni masikio. Kunukuu na kutafsiri saa 1 ya mazungumzo yenye lugha tatu kunaweza kula saa 40 za kazi, na anayeweza kuifanya ni mzee wa familia husika. Fomu za ruzuku zinamhesabu kama "mchango wa kujitolea wa jamii" wakati mkalimani wa Kiwelisi kwenye mradi huo huo ana ankara. Hilo lirekebishwe kesho, halihitaji sheria.

Ridhaa nayo ina yake. Fomu ya ukurasa mmoja inayodai haki zote duniani kote milele haitiwi saini na familia yenye busara, na zinazotia saini hujuta. Maswali yawe manne, kila moja na jibu lake: kurekodiwa, kuonyeshwa, kuwekwa maktabani, kuwekwa kwenye intaneti. Familia ipate kuona kipande kilichohaririwa kabla ya jibu la pili. Kuwe na njia ya kufunga rekodi mtu anapofariki. Kati ya Waromani wa Uingereza ilikuwa desturi kuchoma gari la kuishi la marehemu na vilivyomo, na zipo familia ambazo hazitaki sauti yake isikike kwa muda. Kufunga maana yake kusitisha kuonyesha, nakala mama ikabaki salama, na mfumo wa maktaba lazima uujue utofauti huo.

Kuna hatari nyingine ambayo wengi wa nje hawaioni. Sheria ya Polisi ya mwaka 2022, inayotumika England na Wales, imefanya kukaa na gari kwenye ardhi bila idhini kuwa jinai katika mazingira fulani, na gari, ambalo ndilo nyumba, linaweza kukamatwa. Simu na droni zinaandika mahali ndani ya faili la picha. Mkiweka faili hilo wazi, mmechapisha ramani ya kambi. Nakala ya umma iondolewe data za mahali na namba za magari zifunikwe. Nakala mama ibaki nazo, imefungwa. Studio zifanye hivi kabla ya kukabidhi, na mlipie siku hizo za kazi.

Tunaomba hivi. Asilimia 15 ya kila ruzuku ya kurekodi utamaduni itengwe kwa utunzaji na isihamishiwe kwenye uhariri. Malipo ya mwisho yatoke pale tu maktaba inapotoa stakabadhi yenye orodha ya faili na cheksamu zake, na maktaba ijifunge kuitoa ndani ya siku 30, kwa sababu studio ndogo haiwezi kungoja fedha nusu mwaka. Picha ghafi zipokelewe pamoja na filamu. Mikataba iwe na kifungu kimoja kinachosema studio ikifungwa, nakala mama na haki zake zinakwenda maktabani chini ya masharti ya ridhaa ya familia, kabla Taji halijaingia. Iwepo karakana moja ya mashine za kuchezea, Aberystwyth, na nyingine kusini, yenye MiniDV, DAT, Betacam SP na rili, vipuri vya vichwa na mikanda ya mpira, na fundi anayelipwa kufundisha wengine wawili kila mwaka. Studio huru ziipangie zamu kama zinavyopanga chumba cha kuchanganyia sauti.

Na kwenye kamati itakayogawa fedha hizo wawemo Waromani wenye kura. Uingereza iliridhia Mkataba wa UNESCO wa urithi usioshikika mwaka 2024. Kifungu cha 12 kinaitaka nchi kuandaa orodha za urithi huo, na cha 15 kinataka jamii zenyewe zishiriki kikamilifu katika kuusimamia. Kikao cha mashauriano kinachoitishwa baada ya bajeti kupitishwa hakitoshelezi kifungu hicho.

Tuko tayari kuja Cardiff au Aberystwyth na mashine, kanda za mfano na hesabu za gharama kwa saa, ili maofisa wenu waone hatua kwa hatua. Tunachohitaji ni meza, soketi nne za umeme na nusu siku.

Wenu katika kazi,

Mafundi wa sauti, wahariri wa picha na watunza kumbukumbu wa studio huru